Sidi, Sikio la Kiwanja cha Jilore

Saa mbili asubuhi, umande bado uko majanini, na Sidi Chengo yuko katikati ya kiwanja kidogo cha ndege nje ya Jilore, bara kidogo kutoka mjini Malindi. Mkono wa kulia ana fimbo ya kufukuzia mbuzi. Wa kushoto ameinua juu kijiredio cheusi, kinene kama gunzi la muhindi, antena yake imesimama wima.

Anazungusha kifungo taratibu. Kijiredio kinatoa mlio wa kukaanga, kama mafuta yanayopokea mahamri.

"Huo ndio mlio," anasema, akitabasamu. "Kikikaanga hivyo, ujue masikio yake yako wazi. Ukizidisha kifungo, kelele inazibwa. Ukizidisha zaidi, unaziba hata mtu anayekuita."

Sidi, mama wa watoto wanne, ndiye mtunza kiwanja. Hufyeka nyasi, hufukia mashimo ya ngiri na hutundika lile fuko refu la kitambaa linaloonyesha upepo. Kabla ya hapo alikuwa akisuka makuti. Leo analipwa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi, na kwa hizo amemaliza kumsomesha kifungua mimba wake.

Ila kazi kubwa ni kusikiliza. Ndege ndogo hutua hapa kuleta dawa za zahanati na kuchukua wagonjwa mahututi. Njia ya gari mvua ikinyesha huwa tope tupu, na simu nazo hupotea mnara ukizima. Kwa sababu hiyo rubani aitwaye Oliver alimletea Sidi skana, redio ya kusaka masafa. Hupita bendi moja hadi nyingine, ya ndege, ya vyombo vya baharini, ya walinzi wa mahoteli, na husimama inapokuta mtu anazungumza. Inasikia tu. Kusema haiwezi.

Mwanzo ulikuwa kichekesho. "Mwezi mzima nilisikiliza mabaharia," anasimulia. "Nikajua nani anaelekea Watamu, nani injini imemfia. Ndege sikusikia hata moja! Ikipita juu ya kichwa changu, redioni nasikia mtu kama amejaza ugali kinywani."

Oliver alipokuja alimwonyesha kifungo cha pembeni. Ndege haziongei kwa mtindo wa vyombo vya baharini. Ukienda bendi ya ndege, sharti ubadilishe na usikivu wa redio.

"Nikaelewa," anasema Sidi. "Mtu amepiga hodi kwa Kigiriama, nami namwitikia Kikamba. Tutaonana lini?"

Akajifunza pia kuyafungia nje masafa ya walinzi, ambao husalimiana kutwa na kuizuia skana isiendelee na safari. Na Kiingereza cha marubani kikamwingia, maana ni maneno machache yanayojirudia, hata kwa mtu aliyeishia darasa la saba.

Tatizo likabaki kwa ng'ombe wa mfugaji jirani, Mzee Kaingu. Kiwanja kimenyanyuka na hakituami maji, kwa hiyo masika ng'ombe hukipenda kuliko malisho. Ukiwafukuza huku, wanarudi kule. Kuwaondoa kweli kunamtaka mwenyewe na mluzi wake, na mwenyewe si mtu wa kusumbuliwa bure.

Siku moja Sidi alisikia rubani, akapiga kelele, Mzee Kaingu akaswaga kundi lote hadi ng'ambo ya mkondo. Ndege ikapita juu kwa juu, ikaenda zake Lamu.

"Alinicheka hadi kwenye matanga," anasema Sidi. "Kila akiniona: 'Sidi mwanangu, ndege ya Lamu imeshafika?'"

Tangu hapo akajiwekea sharti. Rubani anayekuja kutua hutaja kwanza jina la kiwanja. Asipolisikia jina la Jilore, hamsumbui mtu.

Mtihani ulikuja masika ya mwaka huu. Kache, mke wa mkulima wa jirani, alijifungua salama asubuhi, lakini damu ikakataa kukatika. Muuguzi wa zahanati, Sista Ndinda, alifaulu kuita ndege kwa simu. Mara mnara ukazima. Ndege ilikuwa njiani, itafika wakati gani hakuna aliyejua.

"Dada Sidi, masikio yako leo ndiyo simu yetu," Ndinda alimwambia mlangoni. "Huyu mama hawezi kungoja mara mbili."

Mvua ilikuwa ikinyunya, mawingu yamelala juu ya miti, na ng'ombe wamejaa kiwanjani kama wamealikwa harusini. Sidi alisimama ukingoni akisikiliza. Kukaanga kulikuwepo, sauti hapana.

Alibadilisha betri, akafuta vichuma vyake kwa upindo mkavu wa nguo. Kimya. Akatazama bendi: ni ya ndege. Akatazama kifungo cha pembeni: kiko mahali pake. Akalegeza cha kelele. Kikakaanga kwa nguvu zaidi, basi.

"Nikaangalia saa," anasema. "Wakati ule huwa nasikia ndege za Malindi zikishuka. Kama hata hizo sizisikii, basi si kwamba hakuna anayesema. Kiziwi ni mimi."

Ndipo alipojitazama. Ili skana isilowe, alikuwa ameifunga kiunoni kwenye pindo la leso, pamoja na bonge la funguo, kama mwanamke yeyote wa huku anavyofunga kitu asichotaka kukipoteza. Alikuwa akiichomoa kidogo tu kuishughulikia, kisha anairudisha. Antena ilikuwa imepinda, imelala kwenye tumbo lake, imebanwa na vyuma vya funguo.

"Nilikuwa nimemziba masikio mwenyewe, huku namwuliza mbona husikii!"

Akaifungua leso pale pale, akapanda juu ya kichuguu, akainyoosha antena, akanyanyua mkono hadi mwisho. Skana ikakohoa mara moja, kisha sauti ya Oliver ikatoka safi kama mtu aliye chumba cha pili. Ilitaja Jilore. Ikasema imekaribia, na mawingu yanafunga: itajaribu mara moja, ikishindwa itarudi Malindi.

Sidi alikimbia. Mzee Kaingu alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli.

"Baba, ng'ombe!"

"Ya Lamu?"

Hakumjibu. Alimwinulia skana karibu na sikio. Oliver akarudia mwito wake, na jina la Jilore likamwingia mzee moja kwa moja.

"Ananiita!" Mzee Kaingu akaruka, mwavuli ukaenda na upepo. Akapiga mluzi wake wa vidole viwili, na kiongozi wa kundi, ng'ombe mkubwa mwekundu, akageuka, wengine wakamfuata mkia kwa mkia.

Kiwanja kikawa cheupe, hakuna ng'ombe hata mmoja. Mngurumo ukasikika, na skana ikasema tena: rubani haoni upepo unavuma kutoka wapi. Sidi akatazama mlingoti. Lile fuko lilikuwa limelowa, limening'inia kama soksi kwenye kamba.

Kumjibu hawezi. Lakini leso ilikuwa mkononi, ya manjano, ingali nyepesi. Akakimbilia ukingoni, akashika ncha mbili, akainua mikono. Upepo ukaijaza, ikanyooka upande mmoja, ikapiga pa! pa! pa!

Skana ikasema: "Nimeona kitambaa cha manjano. Natua."

"Nililia na kucheka pamoja," anakumbuka. "Sikuwa na mdomo wa kumjibu, na bado tumezungumza."

Oliver hulisimulia hilo kila atuapo. "Maandishi ya leso sikuyasoma," hutania, "lakini ujumbe ulifika."

Kache alifika hospitalini kwa wakati, akaongezwa damu, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mtoto amepewa jina la babu yake kama ukoo unavyotaka, ila mitaani hakuna amwitaye hivyo. Wanamwita Rubani.

Sista Ndinda anasema tangu siku ile hata wagonjwa wa kawaida humpigia Sidi salamu kwanza. "Akipita na ile antena yake juu, watu wanapisha kama gari la msiba!"

Siku hizi skana hukaa kwenye kijifuko cha plastiki shingoni, antena juu, funguo mbali. Kamati ya kiwanja imeomba kibali cha redio ya pili, ile inayosema, na mwezi ujao Sidi ataanza mafunzo ya kuitumia mjini Malindi.

Maneno yake ya kwanza hewani ameshayachagua. Anayajaribu anapofyeka, fimbo ikiwa kipaza sauti, ng'ombe wakimtumbulia macho.

Ghafla skana inaacha kukaanga na sauti ya rubani inataja Jilore. Sidi anainua mkono, anasikiliza. Kabla hajafungua kinywa, mluzi wa vidole viwili umeshalia kutoka upande wa pili, na yule ng'ombe mwekundu ameshageuka.

"Umemwona Mzee Kaingu? Siku hizi nikiinua mkono tu, inatosha," anasema Sidi kwa fahari, kisha anaisogeza fimbo mdomoni. "Jilore hapa. Kiwanja cheupe, upepo wa kusi. Karibuni nyumbani."