Siku Baba Alipobebwa Mgongoni

Sisi tuliokulia Boko wakati barabara ya Bagamoyo bado inapita katikati ya mikorosho, tukikutana siku hizi misibani au harusini, haichukui muda kabla mmoja wetu hajataja siku ya mchezo. Hapo habari nyingine zote zinakufa. Mtu aliyekuwa analalamikia magoti yake au bei ya saruji anajiweka sawa kwenye kiti cha plastiki, anatabasamu, na macho yanamwenda mbali. Ukimsemesha hakusikii. Ameshafika kisimani, anasubiri ngoma ianze.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuyaona, mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka, korosho zikishauzwa na watu wana chochote mfukoni, Boko yetu iligeuka kuwa Boko ya zamani kwa mchana mmoja. Hapakuwa na jukwaa wala kiingilio. Watu walitoka majumbani mwao wakiwa wamevaa kama mababu zao, wanawake wamejifunga kaniki, wanaume wana kanzu zilizofifia au shuka tu kiunoni, wakatembea kutoka kisimani mpaka uwanja wa shule huku wakiigiza maisha ya kale njia nzima. Mjerumani wa kodi alikuwepo, uso umepakwa unga wa muhogo, amebebwa juu ya kiti na anachungulia kila uani. Askari wake walishika bunduki za mbao. Akina mama walimwapia kwamba hawana hata kifaranga, na wakati huohuo jogoo analia ndani ya kaniki. Kila mwaka jogoo alilia, na kila mwaka tulicheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Nyuma yao zilikuja ngoma na tarumbeta kuukuu lililozibwa tundu kwa nta. Sauti yake ilikuwa na mafua, lakini hadi leo nikilala mchana huwa naisikia, inatoka upande wa kisimani, inakuja polepole na vumbi lake. Nasikia na harufu ya korosho zinazochomwa, ya mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili, na ya mafuta ya nazi kwenye nywele za wasichana waliosukwa tangu asubuhi. Watoto wa sasa wakitaka kuona mambo ya kale wanaangalia kwenye simu huku wamelala kifudifudi. Sisi mambo ya kale yalipita mlangoni, yakatukanyaga na vidole.

Sharti la mchezo lilikuwa moja: kila mtu anacheza mtu wa kwao. Rafiki yangu Mwajuma, binti wa Mzee Kondo aliyekuwa msimamizi wa shughuli nzima, alibeba mtungi wa maji kichwani kwa sababu bibi wa bibi yake ndiye aliyewatekea maji wasafiri. Alitembea na mtungi ule taratibu, shingo imenyooka, na mimi ninayemshinda rede na mdako nikajiona si kitu. Nilipomwomba tubebe wote, aliniambia kwa huruma kabisa kwamba sina bibi pale. Kweli sikuwa naye. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba yangu, Mwalimu Maganga, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyepangiwa kufundisha Boko, na mama ni Mfipa wa Sumbawanga, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili tu, na bibi zetu wote tuliwajua kwa majina tu.

Wanyamwezi walikuwemo mchezoni, lakini walichezwa na Wazaramo, wenyeji wa Boko. Walikuwa wapagazi wa msafara, vijana waliojitwika magunia ya makapi, wanayumbayumba, wanagongana, wanaongea Kiswahili cha kupinda na kuuliza bahari inaliwa na mboga gani. Watu waliwacheka mpaka wakakaa chini. Siku ya pili shuleni nilipokelewa na kelele za kuulizwa mzigo wangu nimeuacha wapi. Baba yalimchoma zaidi. Siku ya mchezo ikifika alifunga mlango, akakaa mezani na kusahihisha madaftari, akisema amekuja Boko kufundisha, hakuja kuchekwa. Kwa hiyo miaka ya mwanzo mchezo niliuona kwa kupandia ndoo dirishani, vichwa tu vikipita na mitungi juu yake.

Halafu ukaja mwaka ambao baba aliomba uhamisho. Alitutangazia mezani, ugali ukiwa bado unatoa moshi, kwamba shule zikifungwa tunarudi Tabora, mahali ambapo mtu akikuita jina lako analitamka kama lilivyo. Mama aliendelea kutugawia mchicha. Mimi nililia mvunguni mwa kitanda changu, nikilia kwa ajili ya kisima, na Mwajuma, na ule mtungi ambao sasa ni wazi nisingeugusa kamwe. Nilitaka kuwa mtu wa Boko kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu mwaka ule, na hakuna mkubwa aliyeniuliza.

Mama ndiye aliyepeleka habari kwa Mzee Kondo. Alipita kwake akitokea sokoni, akasema analotaka kusema, akarudi kupika. Kesho yake, ambayo ilikuwa siku moja kabla ya mchezo, Mzee Kondo akaja kwetu asubuhi. Sisi watoto tulimwamkia, akaitikia, akaingia ndani bila kukaribishwa. Akakaa kwenye kiti cha baba, akavuta kikombe cha uji cha baba na kukinywa chote, kisha akatwaa kofia ya baba msumarini na kuivaa. Baba alisimama tu, taya zimekaza. Nilidhani watapigana.

Mzee Kondo aliiweka ile kofia vizuri kichwani, akasema, "Nasikia Mnyamwezi wangu unataka kutoroka. Umetembea kutoka Tabora na mizigo ya watu mpaka pwani, sasa unarudi mikono mitupu, hata chumvi hujabeba?"

Baba akamwambia kwa ile sauti ya darasani kwamba kama amekuja kumtukana, atukane aondoke. Hapo uso wa mzee ukabadilika. Akavua kofia. Alipoongea tena utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mwalimu, mie nakutukana tangu ulivyoshuka na sanduku lako, na wewe unaninyamazia. Kila mwaka naweka wale wapagazi wanakutusi mbele ya mlango wako, utoke utujibu, wewe unafunga mlango. Mtu hamnyamazii mtani wake ila kama hamtaki. Sie tumekukosea nini?"

Nadhani ndipo baba alipoelewa. Kila mtu nchi hii anajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, kwamba wametaniana tangu zama za misafara, kwamba mtani anakula chakula chako, anakutusi mbele ya watu, anazuia hata jeneza lisipite mpaka apewe chake, na hayo yote ni undugu. Baba naye alijua, lakini alijua kama mtu anavyojua jina la mto wa nchi nyingine. Alipelekwa bweni kwa mapadri akiwa mdogo sana na akakulia kwenye vitabu. Hakuna aliyewahi kumtania, na hakuna aliyemfundisha kujibu. Miaka yote ile Boko ilikuwa inamwita ndani, na yeye alisikia anafukuzwa. Na Boko nayo, kila alipofunga mlango, ilisikia dharau ya msomi.

Mzee Kondo aliaga kwa adabu nyingi mno, adabu ya kuagana na mgeni, na hiyo ilimuuma mama kuliko yote. Jioni nilimwona baba uani amesimama peke yake, anatikisa kidole, midomo inacheza, kama mwanafunzi anayekariri shairi asiloliweza.

Siku ya mchezo alivaa shati jeupe na suruali ya kupigwa pasi, kama anakwenda kanisani, akatuambia tutoke wote. Tukasimama kando ya njia. Likaja tarumbeta, akaja Mjerumani, jogoo akalia. Mwajuma alipita na mtungi wake, hakuweza kugeuza shingo ila aliniona. Kisha wakatokea wapagazi na magunia yao, wanapepesuka, mmoja tayari ameanza kuulizia mboga ya kulia bahari. Baba aliniachia mkono. Akatembea mpaka katikati ya njia, akakunja suruali kidogo pale magotini, kama alivyofanya kabla ya kukaa mahali popote, akalala chali vumbini.

Ngoma zilikatika moja moja. Watu walidhani ameanguka. Mzee Kondo akaja mbio, na baba akiwa amelala vilevile, anatazama mawingu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya msafara:

"Hawa si Wanyamwezi, hawa ni wezi wa kuku. Mnyamwezi akitembea namna hii Tabora hapewi hata mke. Sitoki hapa mpaka Mzaramo aliyewafundisha anibebe mgongoni hadi shuleni, aone mzigo ni kitu gani."

Halafu Mzee Kondo akafunika uso kwa mikono yake, mabega yakamtikisika, na nilipomwona vizuri alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akachuchumaa. Baba, mwalimu wa hesabu, mzee wa kanisa, akampanda mgongoni. Vigelegele vya akina mama viliwatisha hata kunguru. Mzee Kondo alijikongoja akiapa kwamba huyu mtu amekula vitabu vyote vya shule ndiyo maana ana uzito huu, na baba kule juu akaanza kuimba wimbo wa wapagazi, ule aliouimba babu yake, wimbo ambao hata sisi wanawe hatukuwahi kuusikia. Ulikuwa mzito, wenye mapigo ya hatua, na sehemu moja unapanda ghafla kama mtu anayeona bahari mara ya kwanza. Sauti ya baba ilitetemeka mwanzoni. Walipofika kwenye kona ya duka, wapagazi walikuwa wanamwitikia, ngoma zimeshika mapigo, na Boko nzima inaimba Kinyamwezi, kila mtu kwa namna alivyosikia.

Nililia tena siku hiyo, nikikimbia pembeni yao, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha ile tena.

Uhamisho ulipokuja, baba aliukataa. Mzee Kondo alitamka mbele ya watu wote kwamba mzigo wa msafara ni wa ukoo wa Maganga kuanzia sasa, na kila mwaka baba alitangulia wapagazi, nami nikafuata na gunia dogo la makapi kichwani. Sikutaka mtungi tena. Hao wawili walitusiana mpaka mwisho. Mzee Kondo alipotangulia mbele ya haki, baba alikwenda kulala kaburini akagoma kutoka, mpaka wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Baba alipofuata, tulimzika hukohuko Boko, na watoto wa Kondo wakaziba njia na kututoza jogoo. Sijui msiba wa siku hizi, wa fulana zenye picha na mpiga video, ungewapokeaje watu wale.

Sasa Boko ni kuta na mageti. Kisima kiko ndani ya uwanja wa mtu mwenye mbwa. Mchezo ulilala miaka mingi, kisha vijana wakaufufua, na siwalaumu, wanajitahidi. Lakini Mjerumani wao anavaa miwani ya jua, msafara unatangulizwa na spika za muziki wa singeli unaokimbia kuliko miguu ya mtu, na mwaka huu mpagazi mmoja alisimamisha wenzake wote ili apokee simu. Zamani tulitembea taratibu kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuwahi. Mchana ulikuwa mrefu, na watu wote niliowapenda walikuwa kwenye njia moja.

Juzi Shabani, kijana wa Mwajuma, alikuja nyumbani. Akaniamkia vizuri, akatoa simu, akasema, "Mama, ule wimbo wa Mwalimu sie tunaubabaisha tu. Hebu tuimbie tuurekodi, halafu utuambie na maana yake, tuiandike chini ya video."

Nikaimba. Niliimba wote bila kukwama, hata pale panapopanda. Alipouliza maana, ndipo nilipogundua kwamba siijui. Niliuimba wimbo ule utoto wangu wote nyuma ya baba yangu, na haikunijia hata mara moja kumuuliza anasema nini. Nilimpigia mdogo wangu, naye hajui. Mama angekuwepo naye asingejua.

Ikabaki shangazi, dada yake baba wa mwisho, yuko Tabora, mzee sana lakini masikio yake mazima. Jana nilimpigia. Nilimweleza, nikakohoa kidogo, nikamwimbia kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema sauti nimeichukua kwa kaka yake, tena kabisa, mpaka amemkumbuka. Halafu akaniuliza kwa upole, "Lakini mwanangu, hicho ni Kizaramo?"