Nilimtafutia Mwanangu Ukoo Uingereza

Mzungu alinicheka kwenye simu, halafu akaanza kulia.

Ngoja niwaeleze.

Naitwa Eyotaru, Mlugbara wa Ayivu, kaskazini mwa Uganda. Niliolewa na Siraji Baker, Mnubi Mwislamu wa Koboko. Pikipiki ilimuua mwaka jana. Akaniachia binti yetu Shamirah, wa miaka mitatu.

Moyo wa Shamirah una tundu. Upasuaji ni Kampala, na daktari alisema tusichelewe.

Kwetu mtoto akiugua hivyo, ukoo unakaa kikao, kila mtu anatoa kitu. Nikaenda kwa kaka yangu Acidri, mkubwa wa boma letu.

"Huyo ni mtoto wa Baker," akasema. "Waite hao Baker wakae. Sisi tukitangulia, tutakuwa tumewatukana."

Baker gani? Alibaki baba mkwe tu, Mzee Wahabu, anayeshona viatu sokoni Koboko.

Ndipo nikapata akili. Baker si jina la Kiingereza? Basi ukoo wenyewe uko Uingereza!

Kiingereza kidogo nilikipata shule ya jioni. Nikaingia Facebook, nikamwandikia kila Baker niliyemwona: "Mtoto wenu anaumwa. Kikao lini?"

Wengi walinifungia. Mmoja, mama mtu mzima, akapiga simu ya video. Alicheka kwa mshangao. Alipoona midomo ya Shamirah ilivyo ya bluu, akalia.

"Baker si ukoo, mama. Zamani Waingereza wa kawaida hawakuwa na majina ya familia. Aliyeoka mikate kijijini aliitwa Baker, watoto wake wakabaki nalo. Kila kijiji na Baker wake. Hata jirani yangu ni Baker, na si ndugu yangu."

Nikamtafsiria Mzee Wahabu, tuliyekuwa tunaishi kwake.

"Kumbe," akasema polepole. "Babu yangu alikuwa anachoma mkate ya maofisa kambini. Wazungu ilimuita hivyo. Mimi nilifikiri walimupa jina yao."

Akauliza: "Sasa ukoo yetu iko watu ngapi?"

"Wewe na Shamirah, Baba."

Asubuhi alivaa kanzu ya Idi, akatandika mkeka uani.

"Baba, kuna harusi?"

"Kaa. Hii ni kikao."

Akaomba dua. Kisha: "Ukoo ya Baker imekaa, imeamua. Huyu mutoto si yetu tena. Peleka kwa wajomba yake. Wamupe jina yao, wamupeleke Kampala."

"Baba, wale ni Wakristo, watambatiza!"

"Wamubatize. Lakini apumue."

Nilimpigia Acidri palepale.

"Mlete, tutakaa. Lakini muhogo umeoza mwaka huu, dada. Usitegemee sana."

Tulihamia kwa Acidri, na wajomba wamekaa mara mbili. Fedha haijatosha. Shamirah sasa havuki hata kizingiti bila kubebwa.

Jana Mzee alipiga simu. "Mutoto ya watu iko namna gani?" akauliza.

Nikamwekea Shamirah simu sikioni.

Wenzangu, ukipata hata mtu mmoja anayekubali kupoteza kwa ajili ya mtoto wako, huo ndio ukoo, usiutafute mbali. Mimi ukoo huo nimemvua mwanangu ili apone. Naomba Mungu nisiwe nimemvua bure.