Mwokaji Asiyenusa na Pua Tatu za Nyumbani Kwake

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, madirisha ya jikoni kwa Desanka Vujin yameshashika mvuke. Anainama mbele ya oveni, anachungulia trei, anaufunga mlango tena. Biskuti zake hazitakiwi kuwa za kahawia. Zikianza kupata rangi ukingoni tu, zimeshaharibika.

“Haya, pua zangu, njooni!” anaita.

Wanakuja watatu. Mumewe Svetozar, fundi mstaafu wa mashine za kiwanda cha sukari, anaacha gazeti lake uani. Agota, mke wa mwanawe, ambaye ni tarishi wa posta na leo hana zamu, anashuka ngazi akiwa bado anafunga nywele. Wa tatu ni Vidosava, mama yake Svetozar, mwenye umri wa miaka themanini na saba. Anatembea kwa mkongojo, lakini ndiye anayefika wa kwanza.

Mezani kuna sahani tatu: za ganda la limau, za kahawa na za tangawizi. Kila mtu anajua sharti la nyumba hii: hairuhusiwi kusema “nzuri”.

“Nzuri,” anasema Svetozar, mdomo umejaa.

“Nzuri ni neno la wageni. Sema inafanana na nini.”

Svetozar anafikiri, anameza. “Inafanana na biskuti.”

“Mungu wangu, na huyu ndiye niliyemzaa,” anasema Vidosava. Yeye hali. Anaishika biskuti ya limau, anaizungusha chini ya pua yake, anafumba macho. “Limau limezidi. Inanuka kama hospitali siku wanayokuja wakaguzi.”

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya, asije akadharauliwa. “Daktari amenikataza sukari. Kusema hakunikataza.”

Desanka, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, anaandika maneno hayo kwenye daftari la shule. Anayahitaji. Amekaribia kutimiza miaka miwili bila kunusa chochote.

Hapa Novi Bečej, mji mdogo wa Serbia ulio kando ya mto Tisa, ni watu wachache wasiomjua kwa vanilice zake: biskuti mbili ndogo zilizobanwa pamoja kwa jemu ya aprikoti, kisha zikaviringishwa kwenye sukari ya unga yenye vanila. Unga wake hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, na ni lazima zikae siku mbili tatu kwenye boksi ndipo zilainike.

Alipika jikoni kwenye shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Pensheni yake ni dinari elfu thelathini na nane kwa mwezi. “Inatosha kula au kuota moto,” anasema. “Ukitaka vyote viwili, uoke biskuti.” Kwa hiyo anapokea kazi za harusi, ubatizo na sikukuu za nyumba, yaani siku ya mtakatifu mlinzi wa kila ukoo, kila kilo dinari elfu moja na mia tisa. Mwezi mzuri humaliza kilo thelathini.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, alishikwa na mafua makali. Alilala siku tano. Siku ya sita aliamka, Svetozar akamletea kahawa.

“Nikamgombeza. Nikamwambia, umeniletea maji ya moto, umesahau kutia kahawa. Maskini, alikuwa ametia vijiko vitatu.”

Ulimi wake ulikuwa bado unajua sukari, chumvi na ukali wa ndimu. Lakini kahawa, vanila, kokwa za jozi zilizokaangwa, nguo zilizoanikwa juani, vyote vilikuwa vimetoweka. Daktari alimwambia huenda pua ikaamka baada ya miezi, huenda baada ya miaka, huenda isiamke kabisa. Akamshauri awe ananusa karafuu na limau kila asubuhi, kama mazoezi.

Desanka alirudi nyumbani na hakumwambia mtu.

“Fundi cherehani akipofuka, unampelekea kitambaa?” anauliza. “Nilisema moyoni, mikono inajua. Miaka yote hii, mikono inajua.”

Na kweli ilijua. Kwa miezi miwili alioka kwa macho na vidole, na hakuna aliyelalamika. Alichosahau ni kwamba pua ya mwokaji ina kazi nyingine zaidi ya starehe. Ndiyo mlinzi wa mlangoni.

Mwezi wa Machi, Stanija, mwanamke wa mtaa wa pili anayeuza mbegu sokoni, alimwagiza kilo nane za harusi ya bintiye. Desanka aliingia stoo akachota mafuta kwenye ndoo iliyokuwa nyuma kabisa ya rafu, ndoo ya msimu uliopita. Mafuta yalikuwa meupe, laini, hayana dosari machoni. Alioka siku mbili, akapanga kwenye maboksi, akapeleka Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Stanija alisimama getini na maboksi yake yote kwenye toroli. Hakupiga kelele. Desanka anasema heri angepiga.

“Desa, uliionja hii?”

“Niliionja. Ina nini?”

“Ionje tena. Hapa, mbele yangu.”

Desanka aliuma. Alihisi utamu wa sukari na ulaini wa unga ukiyeyuka, kama siku zote. “Mbona iko sawa?” akasema.

Stanija alimkazia macho. Kisha sauti yake ikashuka. “Dada yangu, wewe hunusi.”

Agota alikuwa akitoa baiskeli ya posta uani. Alikuja, akachukua biskuti moja, akaitafuna mara mbili na kuitemea kiganjani. “Mama,” akasema taratibu, “mafuta yameoza.”

Desanka aliketi kwenye ngazi za mlangoni, mikono ndani ya aproni. Harusi ilikuwa Jumapili. Svetozar alisimama nyuma yake, akitazama viatu.

“Nawe umekula jana, sahani nzima,” Desanka akamwambia. “Kwa nini hukuniambia?”

“Nilidhani umeongeza kitu kipya,” akajibu. “Miaka thelathini na nane ya ndoa, mama Vlada. Mtu anajifunza kumeza.”

Stanija ndiye aliyeanza kucheka. Desanka alicheka pia, halafu akalia, na kwa kulia huko ndipo familia ilipojua yote.

Ili kuelewa kilichofuata, inafaa kujua kwamba Agota, binti wa Kihungari kutoka mji wa Senta, alikuwa ameishi katika nyumba hii miaka sita bila kugusa unga wa biskuti hata mara moja. Mumewe Vlada huendesha lori kwenda Austria na huonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Jikoni Agota alikuwa na kazi moja: kuosha trei.

“Kila trei ya nyumba hii naijua kwa mgongo wake,” anasema.

Hakukuwa na ugomvi. Ndivyo tu ilivyokuwa. Desanka mwenyewe, alipoletwa hapa akiwa bibi harusi, alikaa miaka kumi na mmoja kabla Vidosava hajamwachia bakuli. “Na miaka hiyo nilikuwa namlaani kimoyomoyo,” anakiri, mama mkwe wake akiwa ameketi mita moja tu kutoka alipo.

“Nilikuwa nasikia,” anasema Vidosava.

Ijumaa ile Vidosava hakuwepo. Majira ya baridi hukaa kwa bintiye mjini Novi Sad, kwenye nyumba inayopashwa joto kwa mabomba. Kwa hiyo mwanamke mwingine wa nyumba alikuwa Agota peke yake. Alipiga simu posta akaomba ruhusa, akavua koti na kunawa mikono hadi kwenye viwiko.

“Niambie vipimo, mama.”

“Hakuna vipimo. Ni mkono.”

“Basi nishike mkono.”

Desanka aliinuka pale kwenye ngazi. Waliingia jikoni, akasimama nyuma ya mkwewe, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya Agota ndani ya bakuli. Walikanda hivyo, mikono minne, hadi unga ukaacha kunata. Svetozar alitumwa kununua mafuta mapya kwa jirani, kisha akasaga jozi, kisha akapewa sukari ya unga aviringishe. Stanija, mama wa bibi harusi, alifunga aproni ya Desanka na kukata viduara kwa gilasi ndogo ya rakia, pombe kali ya matunda, hadi jua likazama.

Jumapili biskuti zilikuwa bado ngumu kidogo, hazikupata muda wa kukaa. “Watu walizimaliza,” anasema Stanija, ambaye tulimkuta sokoni kwenye meza yake. “Mjomba wa bwana harusi alivunjika jino, lakini lile jino lilikuwa linatafuta sababu siku nyingi.”

Tangu wiki hiyo kila Jumamosi ni siku ya kuonja. Vidosava aliporudi Pasaka na kuelezwa habari yote, hakutoa pole. Alivuta kiti, akasema, “Leteni niwanusie.”

Mwanzoni walionja ili kulinda tu: mafuta mazima, siagi nzima, jozi isiyo na uvundo. Lakini mtu akishakaa mezani na daftari, mambo huanza kujileta yenyewe. Agota akauliza kwa nini iwe aprikoti kila siku. Desanka akajibu kwamba vanilice ni vanilice. Wiki iliyofuata kulikuwa na jemu ya plamu. Baadaye yakaja maganda ya machungwa, kisha mdalasini, kisha mnanaa.

Daftari limejaa. Mnanaa: “nimepiga mswaki” (Agota). Maji ya waridi: “mazishi ya tajiri” (Vidosava). Plamu na jozi: “shati la baba aliporudi kutoka kuvuna, lakini kwa uzuri” (Svetozar), na hilo Desanka amelipigia mstari mara mbili, kwa sababu ndilo jambo refu zaidi mumewe alilowahi kusema kuhusu chakula.

Hata hivyo, Jumamosi moja ya mwezi wa Juni alifunga daftari katikati ya kazi.

“Ninyi mnakula, mnacheka, mnakumbuka akina baba zenu,” akawaambia. “Mimi nawaokea karamu nisiyoalikwa.”

Vidosava aliirudisha biskuti yake sahanini.

Agota alikaa na maneno hayo wiki nzima, juu ya baiskeli, barua begani. Njia yake inapita katikati ya mashamba ya alizeti. “Nikajiuliza, mama amebakiwa na nini? Sukari anaijua. Chumvi anaijua. Uchachu. Kitu kikiwasha, anahisi. Kitu kikilia menoni, anasikia.”

Jumamosi iliyofuata aliamka kabla ya wote, akakanda unga peke yake, bila kuomba ruhusa, kwa mara ya kwanza. Alikaanga mbegu za alizeti na chumvi hadi zikapasuka, akazichanganya humo pamoja na pilipili manga iliyotwangwa. Katikati akapaka jemu ya cheri kali, isiyotiwa sukari nyingi.

Desanka alishuka akazikuta zimepangwa. “Hizi ni nini?”

“Kula kwanza, mama. Utanigombeza baadaye.”

Aliuma. Mbegu zililia menoni. Chumvi ikaja, ikafuatwa na sukari, kisha uchachu wa cheri ukamkunja mashavu, na mwisho pilipili ikawasha polepole mpaka kooni. Alisimama wima, kiganja shavuni.

“Kwa miezi mitano nilikuwa natafuna pamba,” anasema Desanka. “Siku hiyo kulikuwa na watu kinywani mwangu. Walikuwa wanagombana!”

Alikula nne akiwa amesimama. Kisha akamvuta Agota kwa sikio, kama wanavyovutwa watoto, akambusu kwenye paji la uso. “Mwanangu,” akamwita. Agota anasema miaka sita yote alikuwa akiitwa Agota.

“Hicho ni chakula cha kasuku,” Vidosava alitoa hukumu, baada ya kunusa. Baadaye Svetozar aliona mbili zimefichwa kwenye mfuko wa sweta ya mama yake. Hakumsema.

Wateja walisitasita, pilipili kwenye biskuti ikiwa jambo geni. Stanija akaweka sahani ya kuonjesha kwenye meza yake ya mbegu, na kufikia Agosti watu walikuwa wanaagiza “za Agota”. Sasa katika kila kilo tatu zinazotoka nyumba hii, moja ni hizo.

Kila asubuhi Desanka bado anafungua chupa ya karafuu, anaivuta puani, anaifunga. Hakuna kitu. “Sijaacha,” anasema. “Ikija, karibu. Isipokuja, nina hawa.”

Svetozar anapitisha sahani ya tangawizi, na mara hii watatu wanakubaliana: iongezwe chumvi kidogo. Desanka anaandika. Mwezi ujao, tarehe nane, ni siku ya Mtakatifu Dimitri, sikukuu ya nyumba ya akina Vujin, na wageni wasiopungua arobaini watapita sebuleni. Vlada ameahidi kuwepo.

Mpango wa mwaka huu ameshautangaza. Hatakanda. Hataoka. Bakuli, oveni na trei zote ni za Agota, na kuosha ni kwa Svetozar. Yeye atavaa gauni la bluu na kuketi mezani pamoja na wageni, jambo ambalo hajalifanya tangu aolewe.

“Wataonja, kisha watauliza, nani kaoka hizi?” anasema, akimtazama mkwewe anayepanga trei nyingine. “Huwa wanauliza. Mimi nitakaa kimya kabisa. Nataka kumsikia yeye akijibu.”