Balbu Iliyowaka Bila Kuchomekwa

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa korosho, mwanangu, na kila nikishika bisibisi unanirudia. Nilikuwa kijana, fundi redio pale sokoni Nachingwea, miaka ya elfu mbili mwanzoni. Shule niliiachia darasa la nne kwetu Chiola. Ufundi niliupata kwa macho na kwa kuungua vidole, na nyumba yangu ya bati imejengwa na redio za watu. Kwa hiyo usidhani nabahatisha.

Akaja Bi Somoe kutoka Ruangwa, kaifunga kompyuta kwenye kanga kama mgonjwa. Alikuwa na kibanda cha kuchapa barua. Ndicho kilichomlisha yeye na mjukuu wake, na yule mtoto, alituambia, mchana alilala humo humo, chini ya meza ya kompyuta. Mashine ilikuwa inazimika ovyo. Nikaichomeka, ikaguna, ikazima. Nikaichomoa, nikafungua lile sanduku la bati linaloipa kompyuta umeme. Kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zimevimba vichwa na kutoa ute. Pembeni yake zimesimama nyingine mbili kubwa, nzima kwa macho.

Nikafurahi, maana ugonjwa nimeuona. Kapasita ninazo kwenye kopo, nimezing'oa kwenye televisheni mbovu.

Sasa sisi mafundi redio tulikuwa na mtindo wetu. Redio ikiwa bubu, unalowesha kidole kwa mate, unagusa ndani hatua kwa hatua. Inapovuma, hapo pazima. Inaponyamaza, hapo ndipo penye ugonjwa. Redio ya betri haina ubaya, inakutekenya tu. Mkono ulishazoea, hauniulizi. Kidole kilikuwa kimelowa na kinashuka kwenye zile kubwa.

"Issa, toa mkono."

Alikuwa Mzee Nandonde, aliyenifundisha kazi, ameketi mlangoni na kikombe chake cha uji. Hakupaza sauti. Akachukua balbu ya nyumbani yenye nyaya mbili, mkono wa kushoto akautia mfukoni umeme usije ukapita kifuani, akagusisha nyaya kwenye miguu ya kapasita kubwa. Mwanangu, balbu iliwaka. Ikammulika uso mara moja, ikazima. Na waya wa kompyuta ulikuwa umelala mapajani mwangu, haujachomekwa popote.

Mate kidoleni yalikuwa hayajakauka.

Nikasema basi, umeme umetoka, nibadilishe hizi zilizovimba. Mzee akauliza zangu zina umri gani, na volti zake zinalingana? Umri sikuujua. Volti za moja zilipungua. Akamtazama Bi Somoe, akanirudia.

"Wewe utakuwa hapa Nachingwea. Ikichemka kule, atakuwa amelala nani chini yake?"

Hapo hofu ikanishika upya, kubwa kuliko ya kwanza. Kidole ni changu. Mtoto si wangu.

Nikamwambia Bi Somoe siwezi, aagize sanduku jipya zima, hata kama ni kutoka Dar na barabara ni ile tunayoijua. Alikuwa mkali, na haki yake, maana kibanda kingefungwa. "Fundi mzima unaogopa kikopo kama ncha ya kidole?" akasema. "Rudi kwenye redio zako, baba." Sokoni walinicheka. Nikaifunga kompyuta yake kwenye kanga, nikamkabidhi.

Baadaye nikasikia amemwagiza dereva wa lori la korosho sanduku jipya, na kibanda kimefunguliwa tena. Kama kapasita zangu zingelipuka au zingedumu, mpaka leo sijui. Ila msimu uliofuata yule mjukuu alinipita sokoni akikimbia, mdomo umejaa karanga, hanijui mimi ni nani. Nikajikuta natazama viganja vyangu.

Basi sikia, wewe unayefungua masanduku haya. Kapasita iliyovimba hubadilishwa, nami nimebadilisha nyingi tangu siku ile: mpya, volti zisizopungua, baada ya kuutoa umeme na kuhakikisha kwa mita. Kama una mashaka na hata kimoja katika hivyo, badili sanduku zima. Mtu akikuuliza, mwambie siwezi, na acha wacheke. Kabla hujafunga kava, jiulize nani atalala karibu na kazi yako. Na ukisikia hofu, usiionee aibu. Mimi ninayo bado.

Mungu akulindie hiyo mikono, mwanangu, na wote watakaolala karibu na kazi yake waamke salama.