Asubuhi Nakiru Alipopanda Kilima

Enzi zetu kule Kakuma nyumba zote zilikaa chini, ngazi tuliziona kwenye vitabu tu. Ndiyo maana mwalimu aliposema darasa letu litakwenda Lodwar kupanda kilima chenye ngazi za mawe, mimi na dada yangu Nakiru tulirukaruka mpaka mama akatufukuza jikoni. Nakiru alikuwa na mguu mmoja uliopooza, akitembea kwa fimbo. Alikuwa amechelewa kuanza shule, hivyo tulisoma pamoja.

Tulisafiri kwa lori tukiimba, vumbi hadi kwenye kope, tukitafuna matunda ya mkoma mpaka meno yakawa ya kahawia. Tulipofika, mwalimu akamwambia kwa upole, "Nakiru, wewe ngoja hapa kivulini na dereva."

"Mwalimu, mimi sikuja kuona dereva."

Tulicheka, hata mwalimu. Nikainama nimbebe mgongoni, akanisukuma. "Panda tu. Mimi nakuja."

Akavua akala zake za tairi, akazivaa mikononi. Akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akakipa kilima mgongo, akaanza kujivuta juu, ngazi baada ya ngazi. Mawe yalikuwa yameshaanza kuchoma. Wenzetu walitangulia, mimi nilibaki chini yake kidogo, asije akateleza. Katikati ya kilima akatua, akalia. Nikajifanya naangalia Mto Turkwel.

"Ukimwambia mama nimelia, utaniona," akasema, akaendelea.

Kule juu hakuna aliyekuwa amekula. Mwalimu alikuwa ameuzuia mkate wetu wa safari mpaka Nakiru afike, na darasa zima lilijipanga ukingoni likiita jina lake. Jua lilikuwa la utosi alipofika. Aliyatazama mabati ya Lodwar, akashangaa: "Kumbe mji ni mdogo hivi?"

Siku hizi naishi Nairobi. Kwenye stesheni ya treni kuna ngazi za umeme, na vijana wenye miguu kama ya mbuzi huzipangia foleni, macho kwenye simu, ilhali ngazi za kawaida ziko wazi pembeni. Juzi umeme ulikatika. Kijana mmoja akabaki amesimama palepale, kama anayesubiri kusukumwa. Nilimpigia Nakiru simu nikamsimulia. Yuko Kakuma bado, anauza vitambaa. Alicheka sana.

"Na mtu mwenye mguu kama wangu je?"

"Zinampeleka mpaka juu, bila jasho."

"Hiyo ni nzuri," akasema polepole. "Nzuri sana."

Nami sizilaumu. Lakini kila nikipanda zile za kawaida, nikiwatazama watu upande wa pili, bega kwa bega bila hata salamu, naitamani asubuhi ile. Tulichukua saa nyingi kufika, tukafika darasa zima. Leo ni nusu dakika tu, na kila mtu anafika peke yake.