Nzi Mwenye Sura ya Nyuki

Miaka ya hamsini nilikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko Njoro. Niliyekamua naye, rafiki yangu, alikuwa na mizinga ya nyuki nyuma ya zizi. Siku moja jua likiwa limepanda akaniita nione kitu kwenye nguzo ya ua. Nikamwambia ni nyuki tu, mnene kidogo. Akanicheka, akaniita mjinga, akaniambia hebu nihesabu mabawa. Nyuki ana manne. Huyu alikuwa na mawili, macho yametokeza na ndevu usoni. Kumbe ni nzi!

Tukangoja. Nyuki akapita na chavua miguuni, nzi akachomoka, akamdaka hewani na kurudi naye kwenye nguzo ileile. Akamdunga nyuma ya kichwa, akatulia akimfyonza. Alipomaliza akaangusha ganda tupu. Nikataka kumponda, rafiki yangu akanizuia. Alisema naye anatafuta chakula chake.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka Mau Mau. Askari walinichukua mimi kwanza. Waliniambia nikikataa kuwataja waliokula kiapo, mke wangu na watoto watatu watapakiwa lorini wapelekwe rizavu, eneo lililotengewa kabila letu, na kule hatukuwa na shamba wala ndugu. Nilikubali, na sijitetei. Nikavishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, nikakalishwa kitini, wenzangu wakapitishwa mbele yangu mmoja mmoja. Nikiinamisha kichwa, mtu ameenda kizuizini.

Sita walipita, sikuinamisha. Askari akapiga teke kiti changu, akanikumbusha kwa sauti lile lori la kupakia watoto wangu. Wa saba alikuwa rafiki yangu. Hakuwa amekula kiapo chochote, nilijua vizuri, lakini ilikuwa zamu yake. Nikainamisha kichwa.

Aliitazama mikono yangu ya ukamuaji, iliyobaki nje ya gunia. Wakamwondoa.

Mpaka leo nikiona nzi ametulia juu ya nguzo, naondoka hapo.

Alirudi baada ya miaka minne, meno ya mbele hana, akaja kwangu hata kabla ya kufika kwake. Nilidhani amekuja kuniua, na kusema kweli nilitamani. Mke wangu akamwekea chai.

"Watoto wako?" akaniuliza.

"Wako wote watatu."

"Basi haikuenda bure," akasema, akanywa chai yake.

Afadhali angenipiga.