Tatu, Tisa, Saba, Moja

Nilikuwa nampaka mwanangu Zuhura asali kwenye kiganja kilichovimba kwa fimbo, akasema, "Mama, shule siendi tena." Uvumilivu wangu ukaishia hapo. Harufu ile ya asali ya porini, yenye moshi kwa mbali, ilinirudisha Urambo, kwenye kiganja cha dada yangu Mwamini.

Kwetu tulilima tumbaku. Jioni tulikaa nje ya bani, lile banda la kukaushia, vidole vyeusi kwa utomvu, tukifunga majani kwenye fito. Dada alinifundisha mchezo: zidisha kwa tatu, shika tarakimu ya mwisho tu. Tatu mara tatu, tisa. Tisa mara tatu, ishirini na saba: shika saba. Saba mara tatu, ishirini na moja: shika moja. Moja mara tatu, tatu, tumerudi tulikoanzia. Kila fungu la majani tuliliimbia namba yake mpaka ufito ujae.

Siku moja mwalimu wake akauliza: tatu kwa kipeo cha ishirini, ukigawa kwa kumi, baki ni ngapi? Wenzake hawajagusa kalamu, dada akajibu, "Moja."

"Umeibia wapi?"

"Sijaibia, mwalimu. Zinaenda nne nne, halafu zinarudi."

"Zinarudi kutoka wapi? Kigoma?"

Darasa likaangua kicheko. Akachapwa kwa udanganyifu. Njia nzima wakampigia honi: "Puuu! Pisheni, treni ya Kigoma!"

Mama alimpaka asali. Baba akasema apumzike kidogo. Kidogo hicho kikawa msimu mzima, na msimu ukaleta posa kutoka Usinge. Kaburi lake liko huko. Alifia kwenye uzazi.

Alipoacha shule mimi nilifurahi, jamani. Nilidhani amependa kubaki na mimi. Nikianza "tatu, tisa", alifunga majani kimya, nami nikaona kachoka tu. Leo nina mtoto ndiyo naelewa: walimtia aibu kwa jibu lililokuwa sahihi.

Zuhura nilimfundisha mwenyewe mchezo ule, naye kachekwa na kuchapwa kwa jibu la namna hiyo hiyo. Asubuhi nikaenda kwa afisa elimu wa kata.

"Mama Zuhura, keti kwanza tuyazungumze."

"Tumeketi vya kutosha." Nikampa barua:

"Ninalalamika rasmi. Mwanangu wa darasa la sita amechapwa kwa jibu sahihi. Mwalimu alithibitishe jibu hilo ubaoni, mbele ya wale wale waliomcheka, na mimi nikiwepo. Mtoto arudi darasani, na asiguswe."